Naomba kufahamishwa: asili ya neno "dabi" na historia ya mbio za farasi za Epsom

Msomaji wa Upanga

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Juzi, siku moja kabla ya Simba kukutana na Yanga, kijana wangu wa darasa la sita aliniuliza kwa nini mechi hiyo huitwa dabi. Nikamjibu harakaharaka, kama wazazi wengi tunavyofanya, kwamba ni neno la kizungu linalomaanisha watani wa jadi. Hakuridhika, akataka kujua Wazungu nao walilitoa wapi. Nilipoulizia kazini, mwenzangu mmoja akaniambia kwamba ni jina la bwana mmoja wa Kiingereza aliyeanzisha mbio za farasi, na kwamba jina lenyewe lilipatikana kwa kurusha sarafu juu kati yake na rafiki yake aliyeitwa Bunbury. Kwa hesabu hiyo, sarafu ingeangukia upande wa pili, leo tungekuwa tunasubiri Bunbury ya Kariakoo.

Naomba wenye ufahamu mnisaidie. Je, kisa cha sarafu ni cha kweli? Mbio zenyewe ni zipi, na zilianza lini? Na la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi, imekuwaje mbio moja kati ya maelfu ya mbio za farasi duniani ipate heshima kubwa kiasi hicho, hata jina lake likahamia kwenye michezo isiyokuwa na farasi hata mmoja? Sijawahi kuona mbio za farasi kwa macho yangu, kwa hiyo msisite kunieleza hata yale ambayo kwenu ni ya wazi.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Msomaji, mpongeze kijana, maana swali lake limewagawa hata Waingereza wenyewe. Wapo wanaosema neno hilo lilifika kwenye soka kutoka mbio za Epsom, na wapo wanaolihusisha na mpira wa kale wa mtaani uliokuwa ukichezwa na mji mzima dhidi ya mji mzima katika eneo la Derbyshire. Mimi naegemea upande wa farasi, kwa sababu Ireland walikuwa na dabi yao ya farasi tangu 1866, na Wamarekani wa Kentucky tangu 1875, ilhali ligi ya soka ya Uingereza ilianza 1888. Neno lilikuwa limekwisha kutoka nyumbani kwake na kuzoea kutembea kabla soka haijalipokea.

Ama mbio zenyewe, hukimbiwa Epsom, kusini mwa London, juu ya vilima vya nyasi ambavyo Waingereza huviita Downs. Ni mbio za uwanda, maana yake hazina viunzi wala mitaro ya kuruka, na farasi hushindana kwa miguu yao na akili ya mpandaji basi. Katika miaka ya 1770, Edward Smith-Stanley, Lodi Derby wa 12, alikuwa na nyumba ya starehe karibu na Epsom iliyoitwa The Oaks. Mwaka 1779 yeye na wageni wake waliandaa mbio za farasi majike wa miaka 3, wakazipa jina la nyumba hiyo, na aliyeshinda alikuwa Bridget, farasi wa mwenyeji mwenyewe. Walifurahi kiasi kwamba walikubaliana mwaka unaofuata ziwepo mbio nyingine, za madume na majike pamoja.

Hapo ndipo inapoingia sarafu yako. Inasimuliwa kwamba Lodi Derby na mgeni wake Sir Charles Bunbury, aliyekuwa kiongozi wa klabu kuu ya mbio za farasi nchini humo, walirusha sarafu kuamua mbio hizo zibebe jina la nani. Mimi kisa hicho ningekiweka kwenye kapu la ngano, kwa kuwa kilianza kusimuliwa kwa kujiamini baada ya wahusika kutoweka. Lililo hakika ni hili: tarehe 4 Mei 1780 farasi 9 walijipanga Epsom, wakaizunguka kona maarufu ya Tattenham, na mshindi akawa Diomed, farasi wa Bunbury. Kwa hiyo aliyelikosa jina aliondoka na ushindi, na mwenye jina alilazimika kusubiri hadi 1787 ndipo farasi wake, Sir Peter Teazle, akamshindia dabi yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba aina hii ya mbio ilikuwa ngeni wakati ule. Kabla ya hapo farasi walishindanishwa wakiwa wamekomaa, wa miaka 5 au 6, kwa umbali wa maili 4, wakirudia mizunguko kadhaa kwa siku moja huku wamebeba uzito mkubwa. Mbio za farasi wa miaka 3, kwa masafa mafupi, tena mara moja na kwisha, zilikuwa zimeanza tu kule Doncaster mwaka 1776. Waungwana wa Epsom waliupenda mtindo huo mpya kwa sababu unasisimua, na nadhani pia kwa sababu unarudisha fedha za kamari mapema.

Kwato

Mwalimu wetu ameeleza vizuri, nami ninamheshimu, ila aniruhusu nimrekebishe mahali pamoja. Diomed hakuizunguka kona ya Tattenham. Mbio za 1780 zilikuwa za maili moja tu. Masafa yaliongezwa hadi maili moja na nusu mwaka 1784, na ndipo kona hiyo ilipoingia.

Si kosa dogo, kwa kuwa kona hiyo ndiyo roho ya Epsom. Nimefanya kazi ya kutunza farasi kwa miaka 11 katika nchi za Ghuba, na kila ulipofika mwezi wa Juni sisi watunzaji tulikuwa tukikusanyika mbele ya televisheni kuangalia mbio hizi, Waswahili, Wahindi, Wapakistani na Wasudani, kila mmoja na farasi wake. Viwanja vya Ghuba ni tambarare kama sahani. Epsom kuna mlima. Farasi wanaanzia chini, wanapanda zaidi ya mita 40 katika nusu ya kwanza, kisha wanateremka kwa kasi huku wanakata kona kuelekea kushoto, na wakinyooka kuelekea mwisho wanakuta uwanja wenyewe umeinama, upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia. Farasi aliyechoka huanza kuteleza kwenda kwenye uzio bila kupenda. Jumla ni kama mita 2,420, na bingwa huzimaliza kwa takriban dakika mbili na nusu. Farasi mwenye mbio nyingi asiyejua kusawazisha mwili wake kwenye mteremko huishia pale pale konani.

Sasa nije kwenye swali la tatu la ndugu Msomaji, la heshima. Kwa maoni yangu siri yote imo katika sharti moja: ni lazima farasi awe na miaka 3. Hairuhusiwi mwenye 2 wala mwenye 4. Mchezaji wa Yanga akifungwa mwezi huu, atalipiza msimu ujao. Farasi ana dabi moja tu maishani mwake. Akiumwa kikohozi wiki hiyo, akikanyaga jiwe asubuhi hiyo, imekwisha, mwakani si yake tena.

Ndiyo maana udanganyifu mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea Epsom ulikuwa wa umri. Mwaka 1844 farasi aliyeitwa Running Rein alimaliza wa kwanza. Kumbe hakuwa Running Rein, alikuwa Maccabeus, farasi wa miaka 4 aliyebadilishwa jina. Mwaka mmoja kwa farasi mchanga ni sawa na kumwingiza mtu mzima kwenye mashindano ya shule ya msingi, jambo ambalo kwetu kwenye timu za vijana hatulihitaji kuelezwa.

Umri wa farasi umo kinywani. Niwaeleze ninavyotazama mwenyewe. Unasimama pembeni ya kichwa, si mbele, unaingiza kidole gumba kwenye lile pengo la taya lisilokuwa na meno, farasi anaachama mwenyewe, unausogeza ulimi kando na pumzi ya majani makavu inakupiga usoni. Farasi huzaliwa na meno ya utotoni, madogo na meupe. Anapokaribia miaka miwili na nusu, mawili ya katikati hung'oka, juu na chini, yakaota mapana ya manjano. Mwaka unaofuata hufuata jozi ya pembeni, na mwaka mwingine jozi ya mwisho. Kwa hiyo wakati wa dabi, farasi wa kweli wa miaka 3 ana meno mawili ya ukubwani kila taya, na wa miaka 4 anayo manne. Rangi ya nywele unaweza kuipaka dawa, lakini meno huyapaki. Hata wanunuzi wa punda kule Lamu wanalijua hilo.

Mwanasiasa mmoja, Lord George Bentinck, aliyekuwa mpenzi wa farasi, aliifuatilia hila ile kama mpelelezi. Kesi ilipofika mahakamani, Jaji Alderson alitaka jambo moja tu: farasi aletwe atazamwe. Farasi hakuonekana tena. Mlalamikaji, yaani mwenye Running Rein, akaiacha kesi yake, na ushindi ukapewa Orlando, farasi wa Kanali Peel, ndugu yake Waziri Mkuu Robert Peel. Na katika mbio hizo hizo kulikuwa na farasi mwingine, Leander, aliyevunjika mguu akauawa na kuzikwa. Walipomfukua, madaktari wa mifugo wakaangalia taya lake wakasema naye alikuwa wa miaka 4.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kwato, nimekubali kosa langu la kona, na ninashukuru kusahihishwa na mtu aliyeshika kinywa cha farasi badala ya kushika vitabu peke yake kama mimi.

Msomaji wa Upanga

Wakuu, ninajifunza mengi. Kwato, umenifungua macho kuhusu hiyo nafasi moja ya maisha. Hata hivyo bado sijaelewa kwa nini mtu afikie hatua ya kufukua mzoga. Je, zawadi ya mshindi ndiyo kubwa hivyo, au ni kamari tu?

Mwalimu Mstaafu

Kamari ilikuwapo, tena ya kufilisi. Mwaka 1867 mbio zilikimbiwa kukiwa na theluji, na farasi aliyedhaniwa amekwisha kwa kutokwa na damu puani siku chache kabla, Hermit, akashinda. Mwenye farasi huyo alikuwa Henry Chaplin, ambaye miaka 3 nyuma mchumba wake alimkimbia akaolewa na Marquess wa Hastings. Hastings naye alikuwa amecheza fedha nyingi kwamba Hermit hatashinda, akapoteza takriban pauni 120,000. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 26. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo tungemwambia ametia chumvi.

Lakini utajiri wa kudumu hauko kwenye kamari wala kwenye zawadi, uko kwenye mbegu. Dume likishinda dabi, wenye majike watapanga foleni miaka 15 au 20 wakilipa ili majike yao yapandwe. Kwa sababu hiyo farasi waliohasiwa hawaruhusiwi kukimbia dabi kabisa, kwani kushinda kwao hakuachi kitu. Mfugaji mashuhuri wa Italia, Federico Tesio, alikuwa akisema kwamba farasi wa mbio wa leo hakutengenezwa na wataalamu wala na wanasayansi wa wanyama, bali na kipande cha mti, yaani nguzo ya mwisho pale Epsom. Aliyeipita wa kwanza amezaa, wengine wamesahauliwa.

Nami niongeze kwamba nguzo hiyo pia hukosea, au tuseme huchelewa kueleweka. Yule Diomed wa kwanza hakufanikiwa kwao kama dume la mbegu. Mwaka 1798, akiwa mzee wa miaka 21, aliuzwa kwa gini 50 tu, fedha ya zamani ya Waingereza, akapakiwa melini hadi Virginia, Marekani. Ungetegemea afe njiani. Badala yake alipata ujana wa pili, na mwanawe Sir Archy, aliyezaliwa 1805, akawa shina la ukoo mkubwa wa farasi wa Marekani.

Bibi wa Barabara ya Ngong

Mwalimu, shikamoo. Nanyi wengine, hamjambo.

Nimewasoma kwa furaha, ila nimeona mnawasahau watazamaji. Heshima ya Epsom haikutengenezwa na mabwana wenye farasi peke yao. Vile vilima viko wazi kwa umma, na tangu zamani maskini wa London walipanda huko bila kiingilio, wakakaa kilimani na vyakula vyao, kando ya wapiga ramli, wauza samaki na wezi wa mifukoni. Katika karne ya 19 hata Bunge liliahirisha vikao ili wabunge waende. Ilikuwa siku moja katika mwaka ambapo nchi nzima, toka mfalme hadi mchuuzi, ilitazama kitu kimoja kwa dakika zile mbili na nusu.

Na mwanamke mmoja alilielewa hilo. Tarehe 4 Juni 1913 Emily Davison, aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura, alisimama kwenye uzio wa kona ile ile ya Tattenham. Kundi la mbele lilipopita akainama chini ya uzio, akaingia uwanjani, akamkabili Anmer, farasi wa Mfalme George V. Kamera za sinema zilikuwa zinapiga picha, kwa hiyo hadi leo unaweza kuona: anainua mikono, farasi anamgonga kifuani, mpandaji Herbert Jones anarushwa, na farasi anainuka na kuendelea kukimbia bila mtu mgongoni. Davison alifariki siku 4 baadaye. Watu bado wanabishana kama alikusudia kufa, maana mkobani alikuwa na tiketi ya treni ya kurudi nyumbani. Mimi sidhani kwamba alikusudia. Nadhani alitaka tu kuonekana, na hapakuwa na mahali pengine Uingereza ambapo mwanamke mmoja angeonekana na watu wote hao kwa mara moja.

Siku hiyo hiyo aliyetangulia kwenye nguzo, Craganour, alinyang'anywa ushindi kwa kosa la kumgonga mwenzake, ukapewa Aboyeur, ambaye shilingi moja kwake ililipa 100. Hayo yangekuwa habari kuu ya mwaka mwingine wowote.

Mwalimu alitaja Kentucky, nami sitaki ipite hivi hivi. Meriwether Lewis Clark mdogo alitembelea Epsom mwaka 1872, akarudi kwao Louisville na wazo hilo, na mwaka 1875 dabi yao ya kwanza ikakimbiwa na farasi 15. Wapandaji 13 kati yao walikuwa watu weusi. Mshindi, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis, na mwalimu wa farasi huyo, Ansel Williamson, alizaliwa utumwani. Isaac Murphy alishinda mara 3, na Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902. Baada ya Winkfield hakuna mweusi mwingine aliyewahi kushinda. Ubaguzi uliwasukuma nje ya mchezo waliokuwa wameujenga kwa mikono yao, na Winkfield mwenyewe akaenda kupanda farasi Urusi na Ufaransa.

Kwetu Nairobi nasi tunayo Kenya Derby, pale uwanja wa Ngong. Ndugu Msomaji, ukija Jumapili ya mbio usikae jukwaani. Nenda kwenye kiduara wanachotembezwa farasi kabla ya kutoka. Utaona ngozi ya shingo ikitetema, mshipa umetokeza usoni kama kamba, na mtunzaji akimnong'oneza kwa Kiswahili farasi mwenye jina la kizungu. Wajukuu wangu ndipo wanapotaka kusimama, na mbio zenyewe hawazijali sana.

Kwato

Bibi, shikamoo. Umesema kweli kuhusu kunong'ona. Nami farasi wangu wote nilisema nao Kiswahili, na Mwarabu mwenye farasi alikuwa akicheka.

Kabla mada haijafungwa, nimwambie ndugu Msomaji kwamba anaishi mlangoni mwa historia hii bila kujua. Umejiita Msomaji wa Upanga. Ukumbi wa Diamond Jubilee uko huko huko kwenu, ambako kila mtu amewahi kuhudhuria harusi au mahafali. Jina hilo ni kumbukumbu ya Aga Khan III, kiongozi wa Waismailia, aliyepimwa uzito wake kwa almasi Dar es Salaam mwezi Agosti 1946, na thamani yake ikaelekezwa kwenye maendeleo ya watu wake. Wazee wetu waliiona au waliisikia siku hiyo. Wachache walijua kwamba mzee yule yule ndiye aliyekuwa mmoja wa wenye farasi wakubwa kabisa duniani. Alishinda dabi ya Epsom mara 5: kwa Blenheim mwaka 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936, My Love 1948 na Tulyar 1952. Bahram hakushindwa mbio hata moja maishani, na saa ya Mahmoud ilidumu kama rekodi hadi 1995, ilipovunjwa na Lammtarra, farasi wa ukoo wa Al Maktoum wa Dubai. Mwaka huo nilikuwa bado mtoto, lakini nilipofika kule nikawakuta watunzaji wazee wakilisimulia kana kwamba lilitokea jana.

Mjukuu wake, Aga Khan IV, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Nairobi, naye alishinda mara 5, kuanzia 1981 hadi 2016. Wa kwanza ndiye asiyesahaulika, Shergar. Mpandaji wake, Walter Swinburn, alikuwa kijana wa miaka 19. Shergar alishinda kwa urefu wa farasi 10, pengo ambalo halijawahi kuonekana katika dabi kabla wala baada yake. Mpandaji wa farasi wa pili alieleza baadaye kwamba alidhani ametimiza ndoto yake ya maisha, hadi alipogundua kwamba kulikuwa na farasi mwingine mbali kule mbele.

Hapa utaona hesabu ya mbegu aliyoisema Mwalimu. Shergar aligawanywa hisa 40, kila hisa pauni 250,000, kwa hiyo thamani yake ilikuwa pauni milioni 10, akapelekwa Ireland kupandisha majike. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye silaha waliofunika nyuso waliingia, wakamlazimisha mtunzaji wake awafungulie zizi na kuwasaidia kumpakia kwenye tela, wakaondoka. Fidia ilidaiwa, mazungumzo yakavunjika, na Shergar hakuonekana tena, hai wala mfu. Wengi wanaamini ni kazi ya wapiganaji wa IRA, kundi lenye silaha la Ireland. Alikuwa ameacha watoto wa msimu mmoja tu.

Mimi kila nikikisoma kisa hiki namfikiria yule mtunzaji. Sisi tuliofanya kazi hiyo tunajua farasi humfuata aliyemzoea. Naamini Shergar alipanda tela lile kwa utulivu kwa sababu aliyeshika kamba alikuwa mtu wake.

Msomaji wa Upanga

Kwato, nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma hiyo sentensi ya mwisho. Kuhusu Diamond Jubilee, hata mimi niliolea pale, na sikuwahi kuuliza jina lake.

Nimemsomea kijana yote haya, akavumilia hadi kwenye meno, ambayo aliyapenda kuliko yote. Amebaki na swali moja, nalo ni la dada yake kwa kweli: ikiwa majike wanaruhusiwa kukimbia dabi pamoja na madume, je, yupo jike aliyewahi kushinda?

Bibi wa Barabara ya Ngong

Mwambie binti yako wapo 6 katika historia yote. Wa kwanza ni Eleanor, mwaka 1801, farasi wa yule yule Bunbury aliyelikosa jina. Kisha Blink Bonny 1857, Shotover 1882, Signorinetta 1908, Tagalie 1912 na Fifinella 1916. Huyo wa mwisho alishindia Newmarket, mji mwingine wa mbio za farasi, kwani wakati wa vita kuu zote mbili mbio zilihamishiwa huko. Tangu wakati huo hakuna mwingine. Si kwamba majike wamedhoofika, maana hata uzito wao hupunguzwa kidogo. Ni kwamba wenye majike bora huwapeleka kwenye mbio za Oaks, zinazokimbiwa Epsom wikiendi hiyo hiyo, ambako hawakutani na madume.

Ninayempenda ni Signorinetta. Mwenyewe alikuwa Ginistrelli, Mwitaliano mzee aliyehamia Newmarket, ambaye Waingereza walimcheka kwa mambo yake. Alikuwa na jike kipenzi, Signorina, ambaye alikaa miaka mingi bila kuzaa mtoto wa maana. Inasimuliwa kwamba kila siku dume moja la bei ndogo, Chaleureux, lilitembezwa kupita mbele ya malisho ya Signorina, na kila lilipopita wawili hao waliitana kwa mlio. Wafugaji wenzake walimshauri atafute dume la ukoo mkubwa. Ginistrelli akasema hao wanapendana, akawaoza. Mtoto wao ndiye Signorinetta. Siku ya dabi hakuna aliyemtazama, shilingi kwake ikawa inalipa 100, naye akashinda kwa urefu wa farasi 2. Siku mbili baadaye akarudi uwanja ule ule, akashinda na Oaks.